Dada Judica na Mgongo wa Sanamu

Dada Judica Mbwambo hanunui kitambaa kabla hajakiona upande wa nyuma. Muuzaji wa soko la vitambaa la Zhongda, huku Guangzhou, China, anaweza kumfunulia jora zima mezani, akaliwashia taa, akalisifia mpaka povu limtoke mdomoni, naye atasimama tu na mkoba wake kifuani akisubiri amalize. Kisha atalishika pindo, aligeuze, alikunje ngumini, alivute mshazari, na mara nyingine alinuse. Nimemfuata katika vichochoro vya soko lile kwa miaka mitatu na sijamwona akiruka hatua hata moja. Mimi ni mtu wa haraka na hasira zangu ziko karibu, kwa hiyo mwanzoni alinichosha sana.

Kwao ni Same. Alishona sare za shule kwa miaka kumi na minne, kwenye baraza la duka la mtu, kwa cherehani ya kukanyaga. Guangzhou alikuja mara ya kwanza na wenzake kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, akitegemea kukaa wiki mbili. Huu ni mwaka wake wa kumi na mbili wa kwenda na kurudi. Wafanyabiashara wa Moshi, Arusha na Dodoma wasioweza kuja wenyewe humtumia picha kwenye simu, yeye anawatafutia. Elimu yake ni darasa la saba, na Kichina chake cha sokoni kinatushinda wanafunzi wengi wa ufadhili, pamoja na mimi niliyekisomea mwaka mzima darasani na kupewa cheti.

Naitwa Jaffari, mtu wa Tanga, mhadhiri msaidizi niliyeletwa huku kusomea uzamivu wa historia ya sanaa. Somo langu ni sanamu za kwanza za Wabudha na Wahindu. Majirani wakimwuliza mama yangu, huwaambia nasomea mambo ya mawe, akiomba Mungu wadhani ni madini. Simlaumu. Nyumba aliyonilelea haikuwa na hata picha ya mtu ukutani, na sasa mwanawe anaamka asubuhi kwenda kupima mabega ya miungu ya watu.

Kilichonivuta ni kiti kitupu. Kwa karne kadhaa baada ya Buddha kufariki, wachongaji wa India hawakuchonga sura yake. Walichonga nyayo zake, gurudumu, mti aliokaa chini yake, au kiti ambacho watu wamekizunguka kwa magoti na juu yake hayupo mtu. Nilipoiona picha ya kiti kile mara ya kwanza, mimi kijana wa Kiislamu, nilijisikia nimefika kwa watu ninaowaelewa. Kisha, yapata miaka elfu mbili iliyopita, mwenyewe akaanza kuonekana. Kule Gandhara, upande wa Pakistan ya leo, alichongwa kwa jiwe la kijivu, amevaa joho zito lenye mikunjo minene. Kule Mathura, kaskazini mwa India, alichongwa kwa jiwe jekundu lenye madoa, kifua kipana, bega la kulia wazi, na nguo nyepesi kiasi kwamba huioni nguo ila pindo lake. Mathura hiyohiyo ndiko walikochongwa Vishnu na Shiva wa mwanzo, miungu ya Wahindu, na wote hao waliazima miili ya kibabe ya mizimu ya miti na maji ambayo watu wa kule walikuwa wakiichonga zamani kabla yao. Nikianza kulizungumza hili sinyamazi. Dada Judica ndiye mtu pekee kanisani kwao na msikitini kwetu aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho.

Sura ya nne ya tasnifu yangu ilisimama juu ya sanamu moja. Ilikuwa kwenye stoo ya chuo, zawadi ya tajiri mmoja mkusanyaji: kiwiliwili cha jiwe jekundu, hakina kichwa wala mikono, kinanifika kifuani. Karatasi zilizokuja nacho zilisema ni cha Mathura, karne ya pili. Mimi nilidai kwamba mikunjo iliyo kwenye bega la kushoto inaonyesha hatua ambayo hakuna mtu aliyewahi kuieleza, pale joho la Gandhara lilipoanza kuingia katika mikono ya mafundi wa Mathura. Msimamizi wangu alifurahi. Jopo lilikuwa limepangwa kukaa baada ya wiki tatu, na ufadhili wangu ulikuwa unaisha mwezi unaofuata. Bila sura ile hakukuwa na tasnifu, na bila tasnifu ningerudi Dar es Salaam na sanduku la nguo na maelezo.

Nilibakiza kitu kimoja tu, kueleza ni kitambaa cha namna gani mchongaji alikuwa akikiangalia. Nikamwendea Dada Judica kumwomba vipande vya pamba nyepesi nivikunje na kuvipiga picha. Akaniuliza vya nini, nikamweleza kwa maringo yote ya msomi. Akasema hawezi kumchagulia mtu kitambaa cha nguo ambayo yeye mwenyewe hajaiona.

Siku ya kwenda alivaa nguo zake za ibada na kuning'iniza tepu ya kupimia shingoni. Niliona aibu kidogo, nakiri. Mtunza stoo, Mzee Liang, alitufungulia akaketi na chai yake. Dada Judica alisimama mbele ya sanamu muda mrefu kuliko profesa yeyote niliyewahi kumpeleka pale. Alifuata kwa kidole, bila kugusa, jinsi shuka lilivyotoka bega la kushoto, likakata kifua, likapita chini ya kwapa la kulia. Alisema kwamba aliyeitengeneza ya kwanza kabisa ya namna hii alikuwa anajua nguo, kwa sababu uzito wote umewekwa begani na kifua kimeachwa kipumue. Nilikuwa natafuta maneno hayo kwa mwaka mzima. Niliyaandika palepale kwenye daftari langu.

Kisha akauliza nyuma kukoje. Nikamwambia sanamu iko ukutani, na mgongo wenyewe ni mistari tu iliyofifia. Mimi nilikuwa nimepenyeza simu kwenye upenyo kati yake na ukuta nikaupiga picha vipande vipande, kupata vipimo. Alinitazama kama nimemwambia nimenunua kontena zima kwa kusikia sauti ya muuzaji.

Mzee Liang alikataa kuisogeza. Dada Judica akaanza kumbembeleza kwa Kichina kile cha vibandani, akimwita laoban, yaani bosi mkubwa, akimwuliza habari za magoti yake na wajukuu, mpaka mzee akaweka kikombe chini akacheka. Sanamu ilikuwa juu ya kitoroli cha magurudumu. Tuliivuta watatu, taratibu, mpaka mgongo ukaangaliana na dirisha.

"Profesa," aliniita, jina lake la kunitania, ila safari hii hakutania. "Hii nguo ya nyuma imetoka wapi?"

Sikumwelewa. Akavua mtandio wake, akanifunga kama sanamu ilivyofungwa: juu ya bega la kushoto, mbele ya kifua, chini ya kwapa la kulia. Akanigeuza, akanichorea kwa kidole mahali mtandio ulipopita mgongoni, kutoka kwapa la kulia kupanda kurudi bega la kushoto. Halafu akanionyesha jiwe. Mistari ya mgongoni ilianzia bega la kulia, lile lililokuwa wazi upande wa mbele, ikashuka kwenda ubavu wa kushoto. Nguo ya mbele haikukutana na nguo ya nyuma popote.

"Pale soko la nguo la Shahe ukimpa laoban picha ya mbele peke yake, mbele atakushonea mpaka ushangae," alisema. "Nyuma anabuni. Anaangalia mbele, anarudia hivyohivyo. Nimeshaletewa magauni ya namna hii mengi tu. Huyu aliyechonga naye alipewa picha, mdogo wangu. Wale wa zamani walikuwa wanawaona watu wamejifunga hizi nguo kila siku, hawawezi kupotea bega."

Niliona yote kwa mara moja, na kwa sababu niliyaona nikakasirika. Nilimwambia kwamba hili si gauni la sokoni, kwamba kuna wataalamu waliolipima jiwe lile kabla yake, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Alikunja tepu yake, akamshukuru Mzee Liang kwa mikono miwili, akatangulia kituo cha treni. Mimi nilibaki nikamwomba mzee tuirudishe sanamu ukutani.

Kwa siku tisa sikupokea simu zake. Nilijiambia kwamba hakuna mtu wa jopo atakayekwenda kuisukuma sanamu ile, na kwamba ningeweza kupata shahada yangu kwanza, ukweli niuandike baadaye nikiwa na kazi ya kudumu. Kibaya zaidi, nilijua Dada Judica hatamwambia mtu. Hakuwa mtu wa kwenda kumchongea mwenzake.

Siku ya kumi nilikwenda Zhongda kumwomba radhi kwa yale maneno. Kwa hilo tu, si zaidi. Nilimkuta kwenye kibanda cha muuzaji wake wa miaka mingi, majora ya kitambaa cha sare yamepangwa tayari kufungwa. Ilikuwa oda ya Felisia, mteja wa Moshi, na Dada Judica ndiye aliyekuwa amemtumia Felisia sampo akamhakikishia kwamba hiki ni kizuri. Sasa alikuwa amekiloweka kipande kwenye beseni usiku kucha nyumbani kwake, na asubuhi amekikuta kimerudi na kupinda upande mmoja. Muuzaji alimwambia kwa upole kwamba watoto wa shule hawatagundua. Mimi mwenyewe nisingegundua.

Alichukua simu akampigia Felisia palepale, mbele ya muuzaji na mbele yangu. Hakusema muuzaji kamdanganya. Hakusema kiwanda kimebadilisha nyuzi, ingawa huenda kilibadilisha.

"Felisia, nilikosea mimi," alisema. "Nilikusifia kitu ambacho sikukiloweka. Usiwaahidi shule bado."

Nilimsikia Felisia akifoka upande wa pili, na alifoka kwelikweli, kwa sababu shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Dada Judica alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia ndiyo, ndiyo, mama, ni kweli. Alipokata simu akamwambia muuzaji wafungue majora mengine. Uso wake ulikuwa umechoka lakini haukuwa na aibu, na mimi nilikuwa na aibu ya watu wawili. Nilimwomba radhi. Akasema yameisha, nimshikie ncha ile ya kitambaa.

Usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake niliirudia stoo kwa Mzee Liang. Tuliivuta sanamu tena, nikaupiga picha mgongo wote kwa mwanga wa dirisha.

Siku ya jopo walikaa watano. Sikuwapa nafasi ya kuniuliza. Niliweka ile picha ukutani nikawaambia kwamba kiwiliwili hiki si cha karne ya pili, kimechongwa na mtu wa zama zetu aliyekuwa na picha ya mbele tu, na kwamba sura yangu ya nne haifai. Nilimwita mjumbe mmoja wa jopo, nikamfunga shuka, nikamgeuza. Msimamizi wangu aliinamisha kichwa. Mwenyekiti aliniuliza ni mtaalamu gani aliyenishauri, ili waandike kwenye kumbukumbu.

Ilikuwa rahisi sana kusema niligundua mwenyewe. Nilisema ni Judica Mbwambo, mnunuzi wa vitambaa wa soko la Zhongda. Mmoja wao alicheka, akaitazama tena picha, akaacha kucheka. Nikamtajia mwandishi wa jopo herufi moja moja za jina lile mpaka akalipata sawasawa.

Hawakunipitisha. Walisema niandike sura nyingine ndani ya miezi sita, na kwamba kuhusu ufadhili watauliza lakini hawaahidi kitu.

Dada Judica alikuwa ananisubiri kwenye benchi karibu na lango la chuo. Nilikaa kando yake nikamweleza yote, kwamba sura imekufa, kwamba miaka miwili ya kazi imekwenda, kwamba sijui hata nitaishi kwa fedha gani.

"Wamesema uandike nyingine?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi hawajakukataa. Mtu akikukataa hakuambii urekebishe. Anaondoka tu."

Nililia palepale, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, wanafunzi wakipita na baiskeli zao. Naye aliniacha nilie, akiwa ameushika mkono wangu juu ya goti lake kama dada yangu wa tumbo moja. Nilipomaliza akaniuliza kama na sura hiyo nyingine nitahitaji mtu wa kuangalia nguo. Nikamwambia ndiyo, nitahitaji.