Walichoma Kibuyu cha Mama, Tukaitikia Amina

Usijifanye hukuiona ile klipu.

Uliiona. Kibuyu cha maziwa kinaungua kwenye karai, watu wameinua mikono, na bibi mmoja mwenye shanga shingoni amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ukaweka emoji ya kucheka, ukairusha kwenye grupu la familia, ukaendelea na maisha yako kama mtu aliyeruka mtaro wa maji machafu.

Yule bibi ni mama yangu. Anaitwa Anyesi.

Leo utakaa chini usome.

Sisi ni Waarusha wa Olasiti, Walutheri tangu babu. Mama ana ng'ombe watatu. Maziwa anayaweka kwenye kibuyu alichopewa na mama yake siku alipoolewa. Kila asubuhi anachoma kijiti cha mti wa oloirieni, anakisugua ndani ya kibuyu kikiwa bado kina moto, anakung'uta majivu, ndipo anamimina maziwa. Hayaharibiki upesi, na yananukia moshi mtamu.

Ukichungulia mwishoni mwa kikombe utakuta chembe nyeusi za mkaa.

Kila Mwarusha anazijua hizo chembe. Tumezinywa kabla hatujaota meno.

Kaka yangu Lesian ni mzee wa kanisa. Zamani alikuwa mtu wa watu, anaimba besi kwenye kwaya, anacheka mpaka anashika ukuta. Halafu akapata marafiki wapya. Kikundi cha maombi cha kila Alhamisi, huko Sekei, kwenye sebule ya tajiri mmoja mwenye geti linalojifungua lenyewe. Kiongozi wao anaitwa Mtumishi Thomasi. Mgeni mkoani kwetu, suti ya kubana, sauti ya kukwaruza.

Sina shida na maombi. Nasema mapema usije ukajitafutia mlango wa kutokea.

Shida ni kwamba mtu akikaa na watu, anaanza kutazama kwa macho yao. Miezi mitatu tu, Lesian akaacha kumpa mama shikamoo. Akawa anasema "Bwana asifiwe" huku anachezea simu. Akaacha kula kwake. Mkewe Vaileth naye akawa akimwona mama anakuja, anamvuta mtoto ndani. Wale wa Alhamisi walikuwa wanaalikana, wanatafutiana kazi, wanaitana wapendwa. Ukiwa nje ya sebule ile, wewe ni giza tu, hata kama ndiwe uliyemzaa mtu.

Basi mtoto wao Joyce, miaka minne, akaanza kuumwa tumbo. Badala ya hospitali, akapelekwa Alhamisi.

Thomasi akauliza anakula nini. Vaileth akasema, maziwa ya bibi yake.

Jumamosi wakaja Olasiti. Watu kumi na moja uani kwetu, na tisa kati yao ni Waarusha kama mimi. Nilikuwepo. Nitakwambia nilikuwa nafanya nini.

Thomasi akaomba sahani nyeupe. Akamimina maziwa. Zile chembe zikatulia kwenye sahani.

"Hii nyeusi ni nini?" akauliza.

Mama akacheka. Kweli, alicheka, alidhani mgeni anauliza kwa kutaka kujua. Akasema, "Ni mkaa wa oloirieni, baba. Lesian, mweleze mgeni."



Nakumbuka nani alikuwa amesimama wapi. Koikai, jirani yetu, alikuwa karibu na zizi. Koikai huyohuyo, mwaka 2009 wa ule ukame, alikuwa anakuja kila jioni na kikombe cha bati, mama anammiminia kutoka kibuyu kilekile ili wadogo zake walale. Siku ile aliangalia viatu vyake kana kwamba vimeandikwa Zaburi.

Lesian akasema, "Mimi sijui, mama. Ninyi wazee mna mambo yenu."

Sijui.

Mwanamume wa miaka arobaini na sita, aliyekuwa anagombania kulamba mfuniko wa kile kibuyu, anasema hajui.

Thomasi angeweza kusema hajui. Yeye alikuwa mgeni. Wale tisa walijua.

"Hii ndiyo madhabahu ya ukoo wenu," akasema Thomasi, ameinua kibuyu. "Leo inavunjwa. Semeni Amina."

Wakasema. Karai likaletwa, mafuta ya taa yakamwagwa. Mama akageuza ndoo, akakaa, akatazama zawadi ya mama yake ikipasuka.

Wiki iliyofuata Joyce alizidiwa, wakamkimbiza hospitali. Amiba. Ni maji ya kunywa yasiyochemshwa. Akapewa dawa, baada ya siku tano anaruka kamba.

Unadhani walirudi kuomba radhi? Alhamisi iliyofuata Thomasi alishuhudia kwamba mtoto amepona kwa sababu kibuyu kimechomwa. Vaileth alilia kwa furaha mbele za watu. Pakiti ya vidonge ilikuwa kwenye pochi yake.

Halafu Lesian akamwambia mama ahamie Terrat kwa dada yake, mwisho wa mwezi huu, boma lipate kusafishwa. Boma ambalo mama amelifagia miaka hamsini.

Jumapili tukaenda kanisani. Unajua mnada wetu baada ya ibada: aliyekosa fedha analeta mayai, ndizi, kuku, vinanadiwa pale nje, inakuwa sadaka. Mama alileta maziwa. Kibuyu kipya, kimefukizwa vilevile.

Mzee Sumari ndiye aliyekuwa ananadi. Kuku akaenda. Ndizi zikaenda. Kuna boga lililopinda lilipiganiwa na wanaume wawili wazima.

"Haya, maziwa ya Mama Anyesi. Nani anaanza?"

Watu wakauchuna. Klipu ilikuwa imeshawafikia wote. Walewale waliokunywa uji wa maziwa yale kwenye kipaimara cha watoto wao wakawa wanatafuta funguo mifukoni. Sumari akauliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu.

Mama akaenda mbele. "Nipe, Sumari."

Akafungua mfuniko, akanywa pale mbele ya usharika mzima, taratibu. Akajifuta midomo kwa lubega yake. Kisha akatazama. Nilidhani atamtazama Lesian.

Alinitazama mimi.

"Yiamat," akasema. "Na wewe hunywi?"

Nikainamia simu yangu.

Ile simu. Klipu niliirekodi mimi. Uisikilize tena: ile Amina ya kwanza, nzito, iliyo karibu kabisa na simu, ni sauti yangu. Alhamisi saba nilikuwa kwenye ile sebule ya Sekei, kwa sababu mwenye geti aliniahidi kazi ya kupaka rangi nyumba zake. Mimi niliyewahi kugombana na kila mwenyekiti wa mtaa juu ya haki za wanyonge. Niliirekodi, nikaituma. Nilikuwa wa tisa.

Ndivyo ushirika mbaya unavyofanya kazi kwa mtu wa imani. Haukuambii umwache Mungu. Unakwambia usiseme unachokijua, mara moja tu, kwa ajili ya amani. Baada ya hapo utamchoma mama yako huku unaimba.

Jumapili hii mama ataleta maziwa tena. Ameshaniambia. Na mwezi unaisha.

Sumari akiuliza nani anaanza, nitaanza mimi. Wewe wa hapa Arusha, njoo uwe wa pili, unywe palepale tukuone.

Wewe uliye mbali, usifunge simu. Rudi kwenye grupu ulikoituma ile klipu. Andika chini yake: ule ni mkaa wa oloirieni, na yule ni mama wa mtu.

Andika sasa hivi. Nasubiri.