Nilimgeuzia Maneno Mwenyekiti wa Kambi

Jamani, nimekosa! Msinionee huruma, maana hata mimi sijionei.

Naishi ughaibuni, mtaa wa Rexdale, na mama yangu. Napanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na pembeni nilikuwa mkalimani wa shirika moja linalopeleka chakula mashariki mwa Kongo, kule tulikozaliwa.

Siku moja tukaunganishwa kwa video na mwenyekiti wa kamati ya kambi ya waliokimbia vita. Kamera yangu ilikuwa imezimwa. Nilipouona uso wake damu ilinichemka. Ni yeye! Baba alipofariki, mzee huyu alimtoa mama nyumbani kwetu mvua ikinyesha, akahamia yeye. Hata masufuria yetu alibaki nayo.

"Batu banakufa na njaa," akasema. "Mutuletee unga, kamati tutagawa bila kubagua mutu."

Mimi nikatafsiri kwamba kamati itachukua fungu lake kwanza, watu watagawiwa kitakachobaki.

Wakubwa wa shirika wakatazamana. Unga ukasimamishwa mpaka uchunguzi ufanyike. Kwenye basi la Kipling la kurudi nyumbani nilicheka peke yangu. Leo dawa yako imeiva, fisi wewe!

Aibu yangu ni hii: nilijua mama mdogo yuko kambi hiyohiyo. Nikajidanganya kuwa nitamtumia hela. Nilimtumia kweli, lakini wapiganaji walikuwa wamefunga barabara, na mabalozi walikuwa wamebembeleza mpaka malori ya misaada peke yake yakaruhusiwa kupita. Hela anayo, unga wa kununua hakuna!

Nilipoungama kwa shirika walinifukuza, unga ukaenda. Ulichelewa. Nilirudi nyumbani kutoka ghalani nikamkuta mama sakafuni, simu mkononi.

"Mama mudogo amekufa. Na sikia: njo ule mubaya wetu, ule alitufukuza mu nyumba, alikuwa anamugawia chakula yake. Njo yeye alimuchimbia kaburi. Sijui nimulaani ao nimushukuru."

Bado namchukia! Namchukia kuliko zamani, maana sasa amenizidi hata utu.

Nyie mnaosema kwa niaba ya wengine, mkimwona adui yenu upande wa pili, kataeni kazi hiyo, kateni simu. Njaa haimjui uliyemkusudia.

Mama hajui nani alizuia unga. Kila jioni tunashikana mikono, anamwomba Mungu amwangamize mtu huyo yeye na kizazi chake, nami naitikia amina.