Taa ya Oili Haikuwaka

Gari langu lilikufa katikati ya mlima huku dashibodi ikinionyesha kwamba kila kitu kiko sawa.

Siongezi chumvi. Injini iligonga, ko! ko! ko!, kama mtu aliyefungiwa ndani anataka kutoka. Halafu kimya. Nyuma yangu watoto wa shule walikuwa wanaimba, nao wakanyamaza.

Taa ya oili? Haikuwaka hata kidogo.

Ngoja niwarudishe nyuma ndipo mtanielewa.

Lile basi dogo lilikuwa la baba. Mimi ndiye niliyeliendesha, nabeba watoto wa shule, ndiyo riziki yangu. Kaka yangu ni fundi, ana gereji yake. Baba kabla hajafariki alituita akasema, "Likiwa hai ni la dada. Likifa ni la fundi, afanye anavyotaka."

Tukacheka. Gari lile lilikuwa kama paka, halifi.

Jamani, kauli ile ndiyo iliyoniponza.

Siku moja taa ya oili ikaanza kunikonyeza. Injini ikishika moto, nikisimama kwenye foleni, inawaka. Nikikanyaga mafuta, inazima. Nikaenda mbio kwa kaka.

Akachomoa stiki ya kupimia, oili imejaa. Akafuta mikono.

"Sensa hiyo, kile kidude kinachowasha taa, ndiyo mbovu, mdogo wangu. Magari ya zamani yana maneno mengi."

"Si upime presha ya oili yenyewe kwanza?"

"Unanifundisha kazi?" Akacheka. "Nenda kanywe chai kwa wifi yako, nakubadilishia sasa hivi."

Niliporudi kazi imekwisha. Ukifungua swichi taa inawaka, injini ikiunguruma inazimika. Safi kabisa!

"Kama si wewe kaka, ningekuwa wapi mimi?" nikamwambia.

Alikuwa anaangalia pembeni. Nikadhani ni uchovu.

Haya, turudi mlimani. Niliwashusha watoto kando ya barabara, nikawapigia wazazi. Baba wa watoto wawili mapacha ni fundi umeme wa magari. Alipofika hakuondoka, akafunua boneti.

"Oili ipo," akasema. "Na taa haikuwaka?"

"Haikuwaka."

"Haiwezekani. Hebu fungua swichi."

Nikafungua. Taa ikawaka. Akachomoa waya wa sensa ya oili.

"Imezima?"

"Bado inawaka."

"Dada, waya nimeushika mkononi hapa. Ilitakiwa izime!"

Akaingia chini ya dashibodi na tochi. Alipotoka alikuwa na uso wa msiba.

"Taa yako ya oili imekatwa kwenye sensa, ikaungwa na taa ya chaji. Ukiwasha gari, chaji ikianza, zote mbili zinazima. Presha ya oili ikiisha injini inajisaga hadi kufa, wewe utaona mambo shwari. Huu mkono wa fundi huu. Nani aligusa gari hili?"

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Kwa kaka sikwenda. Nilikwenda kwa mama, nalia njia nzima bila aibu. Nikamkuta jikoni anachambua mboga.

"Mama, kaka ameniulia gari! Makusudi! Na watoto wa watu walikuwa ndani!"

Nilitegemea atupe ile mboga. Nilitegemea hata aseme namsingizia. Aliendelea kuchambua.

"Nilimwambia asubiri shule zifungwe," akasema polepole.

Nikahisi sikio limenidanganya.

"Ulijua?"

"Injini nyingine ameshaipata, iko gereji chini ya turubai. Mwenzako ana watoto wa kulisha. Wewe uko peke yako mwanangu, hukosi pa kushika."

Peke yangu. Mimi niliyempeleka hospitali kwa gari lile lile kila alipoumwa! Nikatoka.

Leo gari linatembea, injini inaimba. Anayeliendesha ni wifi. Nikiwa kituoni asubuhi nalisikia kabla sijaliona, na wale watoto hunipungia mkono dirishani kama zamani. Nawapungia pia. Wao hawana kosa.

Wenye magari ya zamani, taa ya oili ikiwaka, zima injini. Pima presha kwa geji kwanza, ndipo uilaumu sensa. Na mtu akikataa kupima, hata kama mmenyonya ziwa moja, chukua funguo zako uondoke.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuniambia kwamba aliyekuvisha hiyo nguo anaweza kuwa mama yako.