Bunduki Niliyoisalimia

Juzi hapa Kitengela fundi wa nguo alikuwa akitia cherehani yake mafuta, na ile harufu ikanirudisha nyumbani kwa babu, ng'ambo ya Isinya.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, babu alikuwa ameketi kivulini, akiipangusa bunduki ya marehemu baba yake kwa kitambaa chenye mafuta. Kengele za ng'ombe zilisikika kwa mbali.

"Huyu ni mzee kuliko mimi," aliniambia. "Nilizaliwa nikampata kwa hii boma. Siku moja atakuwa wa baba yako, halafu wako."

Basi nikafanya nilivyofunzwa. Niliinamisha kichwa mbele ya ile bunduki, kama sisi watoto wa Kimaasai tunavyowasalimia wazee, nikangoja iniguse.

Babu hakucheka. Aliilaza chini, mbali nami, akaniwekea kiganja chake kichwani na kukiacha hapo muda mrefu.

Kesho yake aliipeleka kituo cha polisi. Nyanya aliniambia serikali ndiyo iliyoitaka, nami nikainunia serikali miaka mingi. Siku hizi najua hakuna mtu aliyeiitisha.