Fundi Vitasa na Mumewe Redio

Siku dereva wa teksi wa ghorofa ya tatu alipojifungulia nyumba ya ghorofa ya nne, akavua viatu, akajilaza kwenye kochi na kuuliza chakula kiko wapi, ndipo watu wa jengo lile walipokubali kwamba vitasa vyao vilikuwa kichekesho. Ufunguo wake ulifungua mlango wa mwenzake bila hata kugoma. Mwenye kochi, karani mmoja asiyependa mzaha, hakucheka. Wiki hiyohiyo wezi wakaingia na kuondoka na mitungi ya gesi, na hapo hata wabishi wakasema basi, vitasa vyote vibadilishwe.

Na fundi si alikuwa palepale, ghorofa ya kwanza. Mwanamke huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye duka la mtu, mpaka juzijuzi alipofungua kibanda chake mwenyewe cha kuchonga funguo. Hii ingekuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Akiipata, kibanda kimesimama. Akiikosa, watu watasema: majirani zake wenyewe hawamwamini, sisi tumwamini kwa lipi? Siku ya mkutano wa kuchagua fundi, yeye alishuka mapema kuliko wote.

Mkutano ulikuwa chini, watu wameketi kwenye ngazi. Karani akasimama wa kwanza.

"Dada yetu tunampenda," akasema. "Lakini kila tukipoteza funguo ni yeye anayetufungulia. Ameshaingia kila nyumba, anajua ya ndani ya kila mtu. Leo tumkabidhi na vitasa vipya? Mimi nasema waitwe mafundi wa nje, wasiotujua."

Watu wakatazama viatu vyao, maana ilikuwa kweli. Milango ile aliifungua usiku na mchana: huyu kajifungia nje na taulo kiunoni, yule karudi safari ghafla, na ndani kuna hiki na kile. Usiniulize kipi. Yeye hakusema, mimi nitajulia wapi? Fundi alitaka kujitetea, akakosa pa kuanzia. Mtu ataonyeshaje maneno ambayo hakuyasema?

Mara akamwona mumewe anainuka. Huyu ni kinyozi, na jengo zima linamwita Redio. Mwambie jambo asubuhi, mchana litakurudia limeshaota mikono na miguu. Fundi akafumba macho, akajisemea, tumekwisha.

"Jirani," Redio akamwambia karani, "mwaka jana si ulijifungia nje? Mke wangu akapanda na bisibisi zake. Kwako alikuta nini?"

"Hayo ya nini tena?" karani akaruka.

"Nauliza kwa sababu sijui. Nilimbembeleza wiki nzima. Nikapika mimi, nikaosha vyombo, nikanuna. Wapi! Sasa nyie mnanifahamu. Ningekuwa najua lolote la nyumba ya mtu hapa, nani angekuwa bado hajalisikia?"

Kicheko kilianza kwa dereva wa teksi, kikapanda ngazi zote. Bibi mmoja wa ghorofa ya juu alicheka mpaka akashikilia ubavu. "Hapo kasema kweli," akasema. "Redio akijua, sote tumejua." Karani naye akacheka, tena kwa nguvu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mikono ilipoinuliwa, wake ulikuwemo.

Basi fundi akaingia kazini, na raha aliyokuwa nayo haielezeki. Alifika kwa wimbo na kuondoka kwa wimbo. Alitoa kitasa kikuukuu, akapanua tundu, akatia kipya, akajaribu kufunga na kufungua, kisha funguo zote akazitia mkononi mwa mwenye nyumba. Kwake haukubaki hata mmoja.

Kwa karani alifanya vivyo hivyo. Karani akazipokea, akazigeuzageuza, akachomoa ufunguo mmoja na kumrudishia.

"Huu ukae kwako, dada," akasema. "Mimi huwa nasahau."

Fundi alishuka ngazi machozi yanamlengalenga, ameufumbata ule ufunguo kiganjani.

Jioni Redio akamsogelea mezani, sauti ya chini, macho yanang'aa. "Haya, leo ulikuwa kwa karani. Umeona nini?"

"Nimeona mlango," akamjibu, akamwongezea mchuzi. Habari ya ule ufunguo hajamwambia mpaka leo.