Kitabu cha Nekesa na Chai ya Mama Yake

Waliokuwepo uani kwangu, mtaani Hai Cinema, ni hawa: Nekesa, Mkenya mpangaji wangu, aliyefanya kazi hotelini mtaa wa Amarat; mama yake Nekesa; mchumba wake, Lado; Yunia Jokudu, shangazi aliyemlea Lado, ambaye bila neno lake hakuna ndoa; wifi yangu Kiden na wanawake wenzetu wa kanisa. Na mimi Keji, mwenye aibu yenyewe, chekeni tu.

Shule nilikaa kidogo, lakini Kiswahili nilijifunza kukisoma ukimbizini Uganda, kwa Biblia, na hakuna wa kuniambia sijui. Basi Nekesa akaacha kitabu kitandani, nikaingia kufagia (sikufagia). Loo! Msichana anasimulia, mimi, mimi, jinsi mama yake alivyomtilia baba yake sumu kwenye chai kwa ajili ya mapenzi, halafu ukurasa mzima mtupu, halafu neno moja, "baba", limekaa katikati kama nzi kwenye maziwa, halafu huyo baba aliyekwisha kuzikwa anakula ugali! Nikasema, huzuni imemvuruga mtoto wa watu hata kupanga maneno hawezi. Maana jina lake, Nekesa, liko mwanzoni kwa kalamu, na mimi nilijua kitabu chenye jina la mtu kimeandikwa na yeye, kama Luka, kama Yohana.

Aliponiambia wageni wa kwao watakuja Jumamosi, nikajua ni wa msiba. Sikumuuliza, kidonda cha mtu hakiguswi. Alfajiri nikaenda kwa Kiden kukusanya wanawake, sukari na majani ya chai. Na kwetu hatuingii kwenye bika, yaani matanga, kimya, kilio kinaanzia njiani. Tukaingia tunalia, sukari mkononi, Kiden akajitupa chini, kumbe ni posa, watu wamekaa vitini wanakunywa chai.

"Haboba, kuna nini?" Nekesa akaruka, maana huniita haboba, yaani bibi.

"Nani amekufa?" akauliza Yunia.

Nikajibu kwa sauti yangu ya kusomea kanisani: "Baba wa huyu mtoto! Mama yake alimwekea sumu kwenye chai. Ameandika mwenyewe, nimesoma!"

Yunia akatazama kikombe chake. Akamtazama mama aliyeshika birika. Akatema. "Lado, simama, twende."

Sasa Nekesa akalia kweli. "Haboba, hiyo ni riwaya! Ni mambo ya kubuni, kitabu nilikinunua Nairobi, nikaandika jina langu tu!" Lado kasimama katikati, hajui amshike nani.

Hapo mlango wa bafu la mabati ukafunguka, akatoka mzee na taulo shingoni, sabuni sikioni: Mzee Wafula, baba yake Nekesa, aliyeshuka kwenye basi asubuhi ile nikiwa kwa Kiden.

"Nekesa binti yangu, mnamlilia nani?"

Kiden akanyanyua kichwa pale chini. "Wewe."

Nekesa akamweleza. Mzee hakucheka. Akachukua kikombe cha Yunia, akanywa mpaka chini, akaketi. "Haya, tungoje." Tukangoja. Kisha akamgeukia mkewe: "Ongeza nyingine. Hii haina sukari. Sukari ile ya kilio changu iko wapi?"

Yunia, mkoba keshautia begani, akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Akaketi. "Nipeni na mimi, lakini yeye atangulie."

Ndoa ikafungwa. Kitabu nilikimaliza (kama yule baba alikufa au hakufa, nadhani hata aliyekiandika hajui). Lakini mimi, simlilii tena mtu kabla sijachungulia bafuni. Mliokuwepo, kama nimekosea jina au nimemsahau mtu, nisahihisheni. Ila wewe Kiden usije ukasema hukulia.