Mwavuli na Koti Refu

Hivi nani aliwadanganya waandishi wa tamthilia za Asia kwamba mwanamume anayemkamata msichana kifundo cha mkono na kumburuta kama gunia ndiye anayempenda?

Redio, kama mtaa ulivyomwita kwa wingi wa sauti zake, alijiuliza swali hilo karibu kila siku ya kazi, na hakuwa akitania. Alikuwa amewatazama waburutaji hao kwa miaka. Aliwaona wakitukana, wakidharau, wakiondoka bila kuaga, kisha wakirudi sehemu ya mwisho na koti jipya, na msichana akasahau yote. Asiposahau kwa hiari yake, atasahaulishwa: lori litachomoka kusikojulikana, limgonge, azinduke hospitalini hajui hata jina lake. Redio aliapa kwamba lori ni lile lile moja, linahama kutoka tamthilia hadi tamthilia, na dereva wake hajakamatwa mpaka leo.

"Wana vipaji, wana kamera, hata mvua wanatengeneza yao," alizoea kulalama. "Halafu wakikaribia mwisho wanautupa mzigo pale pale mlangoni!"

Kazi yake ilikuwa kuzitia sauti ya Kiswahili tamthilia za Kikorea ambazo duka la mbele liliwauzia watu kwenye flashi. Alijifungia kwenye chumba cha nyuma, mablanketi yamening'inizwa ukutani kuzuia mwangwi, hedifoni masikioni, akasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kuyageuza papo kwa papo. Watu wote walikuwa yeye. Mama mkwe mwenye kiburi alimtolea puani. Msichana alimtolea kwenye ncha ya ulimi. Tajiri alimtolea kifuani, kidevu kimekandamizwa chini mpaka shingo inauma. Na kwa kuwa wateja walichanganyikiwa na majina ya Kikorea, aliwabatiza wahusika upya kwa mavazi na tabia zao.

Chumba hicho na cha jirani zamani vilikuwa duka moja, likakatwa katikati kwa ukuta wa mbao nyembamba. Upande wa pili alifanya kazi Fundi, mshonaji wa magauni na sare za shule, mwanamke mwenye mzaha mkavu na mkono usiotetemeka. Siku za mwanzo waligombana kama paka. Kila Redio alipofika kwenye kitanda cha mgonjwa mahututi, ngurumo ya cherehani iliingia kwenye rekodi, na wateja wakaja kuuliza hospitali ile ina mashine gani.

"Kwani mimi nishone kwa kunong'ona?" Fundi alimuuliza.

Mwishowe wakapatana. Redio akitaka kurekodi, atagonga ukuta mara mbili. Fundi ataacha cherehani na kushika kazi za mkono: vifungo, pindo, kulabu. Ndiyo maana Fundi alizisikia tamthilia zote kabla ya mtu mwingine yeyote, tena kwa masikio matupu. Picha hakuzitazama. "Nishasikia kila kitu, nitazame nini tena?" alisema. Mkanda ukiisha, yeye ndiye aligonga ukuta kutoa hukumu. "Huyo mama mkwe wako leo amenichoma sindano," angesema. Au: "Jirani, ulikohoa. Msichana mzuri namna ile hakohoi kama mwenye nyumba." Redio angecheka, na kabla ya kuvaa tena hedifoni angeuliza lile swali lake la kila mchana: "Umekula lakini?"

Tamthilia iliyokuwa kazini wakati huo ilihusu msichana aliyeitwa Binti na wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa Koti Refu, mrithi wa kampuni, uso kama mlango uliofungwa, bingwa wa kukamata vifundo vya mikono. Wa pili alikuwa Mwavuli, rafiki wa tangu utotoni, ambaye kila mvua ikinyesha alikuwepo. Alimsubiri Binti kituoni, akambebea dawa, akamsikiliza akimlilia Koti Refu, na siku zote bega lake moja lilibaki nje ya mwavuli likilowa.

Mwavuli ndiye peke yake ambaye Redio hakumtungia sauti. Alimpa ya kwake, ile ya kuulizia "Umekula lakini?" Alidhani hakuna aliyegundua.

Siku moja, zikiwa zimebaki sehemu chache, Fundi alisimama mlangoni kwake, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Yule wa ng'ambo amepiga simu," alisema.

Redio alimjua yule wa ng'ambo. Alikuwa mchumba wa Fundi, aliyekwenda nje kutafuta kazi na kunyamaza kimya, mpaka gauni la harusi ambalo Fundi alijishonea mwenyewe likauzwa kwa mtu mwingine.

"Anasemaje?"

"Amerudi. Anasema alikosa, anaomba tuanze upya. Anataka kuja kunichukua tukaishi kwao." Alijaribu kucheka. "Ngoja kwanza nisikie Binti ataamua nini. Labda na mimi nitapata akili."

"Unamngoja mtu wa kwenye runinga akuamulie?"

"Una mwingine wa kunishauri?" Fundi akamtazama, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Redio alibaki amekodolea macho mlango. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, mahali anapomwekea Binti sauti. Halikutoka.

Aliitazama sehemu ya mwisho peke yake, kabla ya kurekodi, na damu ikamchemka. Koti Refu alimfuata Binti uwanja wa ndege, akamkamata kifundo cha mkono mbele ya abiria wote, akamvuta, na Binti, aliyekuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma, akaitupa tiketi na kumkumbatia. Wakatoka nje. Mvua ikanyesha, maana lazima inyeshe. Mwavuli alikuwa pale. Akatabasamu, akawapa mwavuli wake, wakaondoka nao, akabaki analowa. Halafu harusi. Basi. Imekwisha.

"Mwavuli wake!" Redio alifoka kwa mablanketi. "Mmemnyang'anya msichana shule, na yule mwingine hata mwavuli hamkumwachia!"

Kwa mara ya kwanza hakuona hadithi tu. Aliona wasichana wa mji mzima wakijifunza kwamba maumivu ya mkono ni mapenzi. Aliona wanaume wapole wakijifunza kwamba kazi yao ni kulowa. Na nyuma ya ukuta wa mbao, kidole cha mtu mmoja kilikuwa kikingoja juu ya simu. Redio alipiga moyo konde. Akagonga ukuta mara mbili. Cherehani ikanyamaza.

Sehemu hiyo aliitia sauti kama mtu anayezima moto. Binti alipomkumbatia Koti Refu, Redio alimfanya aseme: "Nimekuja kukuaga. Mkono wangu umechoka kuvutwa. Ninayempenda ni yule aliyelowa kwa ajili yangu." Mwavuli alipobaki peke yake mvuani akitabasamu, alimfanya aseme: "Amenitangulia nyumbani. Anapika." Ilipofika harusi mambo yakawa magumu, kwa sababu bibi harusi alikuwa Binti yule yule, na pembeni yake Koti Refu. Redio alitokwa jasho. Halafu yeye, aliyewatukana waandishi miaka yote kwa mapacha wanaoibuka dakika za mwisho, akatamka kwa sauti ya mtangazaji: "Na Koti Refu akamwoa pacha wa Binti, aliyepotea tangu utotoni."

Alivua hedifoni. Kisha akamsikia Fundi anapenga kamasi.

"Jirani," alisema Fundi kupitia ukutani. "Huyo pacha ametoka wapi?"

"Waandishi hao. Unawajua."

"Lakini Binti amenifurahisha." Sauti ilikuwa nzito. "Amenifurahisha kweli kweli."

Usiku huo Redio alilala akitabasamu. Asubuhi alifika kazini amenyoa ndevu, maneno ameyapanga njia nzima kama anayekwenda mbele ya hakimu. Cherehani ilikuwa ikiimba. Aligonga ukuta mara mbili, na haikuwahi kunyamaza haraka namna ile. Hata mkasi hakuusikia. Upande wa pili palitulia, mtu anangoja.

Redio alifungua mdomo. Alijaribu sauti yake mwenyewe, ile ya Mwavuli, na bila picha ya Mwavuli mbele yake akaiona nyembamba, ya mtu asiye na lolote. Mkono wake ukajiendea wenyewe kwenye hedifoni. Kwenye skrini tamthilia mpya ilikuwa tayari. Akaanza kurekodi.

Mchana, mama mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara aliingia dukani kwa kishindo, laptopu kifuani, skrini wazi, nusu ya nywele zake zimesukwa na nusu zimesimama.

"Yuko wapi huyo Redio? Atoke! Redio, baba, sisi saluni nzima tuna macho au hatuna?"

"Kuna nini, mama?"

"Unaniuliza kuna nini! Binti amemganda Koti Refu kama stempu, wewe unasema anamuaga! Mtu anaaga kwa dakika nzima? Na huyu pacha, mbona ana kovu lile lile kwenye nyusi? Mapacha wanaanguka pamoja?"

Wateja wakaangua kicheko. Fundi naye alikuwa amekuja aliposikia kelele. Hakucheka.

"Hebu nione, mama," alisema.

Akaitazama sehemu yote ya mwisho akiwa amesimama, sindano bado imechomekwa kwenye kola yake. Mwavuli alipotoa mwavuli wake, Fundi aliinua mkono kidogo, kana kwamba angemzuia. Ilipofika harusi alimrudishia mama wa saluni laptopu yake kwa adabu, akaingia chumba cha nyuma, na Redio akamfuata kama mshtakiwa.

"Ni mwisho mbaya," Redio alimwahi. "Ni wa kijinga, Fundi! Ni wa kudhalilisha! Mtu mzima anaandika kitu kama kile na kulala usingizi? Nimeunyoosha tu."

"Jana jioni nilimpigia yule wa ng'ambo," alisema Fundi. "Nikamwambia asije."

Tabasamu lilimtoka Redio kabla hajalizuia.

"Nilisema, Binti ameweza, mimi nishindwe nini? Nilipata ujasiri, Redio. Kumbe ujasiri wenyewe umeutunga wewe, ndani ya mablanketi haya."

"Lakini mwisho wangu ndio wa haki."

"Inawezekana. Lakini si wake. Binti alimpenda yule. Pengine ni mjinga, lakini ni ujinga wake. Ulimziba mdomo ukasema wewe. Koti Refu anakamata mkono, wewe umekamata ulimi. Nani afadhali?"

Redio alianza kukunja waya wa hedifoni.

"Na huyo Mwavuli wako," Fundi aliendelea, sasa kwa upole, na upole huo ndio uliomkata, "unamwonea huruma bure. Sehemu zote hizo amesimama mvuani. Alisema lini? Mtu akikushikia mwavuli utajuaje kama anakupenda au ana mwavuli tu?"

"Fundi…"

"Unadhani sikuijua ile sauti? Nilikuwa nasikia kwa masikio matupu, jirani. Niliijua siku ya kwanza. Nikasema, acha, atasema mwenyewe. Leo asubuhi ulipogonga, niliweka kila kitu chini. Nilikaa hivi." Akakunja mikono yake mbele yake kama aliyeketi, ingawa alikuwa amesimama katikati ya chumba. "Halafu nikasikia mama mkwe mpya anatukana watumishi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hata mtu asiyejua lugha angeona. Redio, aliyekuwa na sauti ya mfalme, ya kikongwe, ya daktari na ya mtoto mchanga, alifungua mdomo, na ndani hamkuwa na mtu.

Fundi alingoja. Alimpa muda mrefu kuliko aliostahili. Kisha akachomoa sindano kwenye kola na kuichomeka kwenye blanketi la ukutani, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Nitampigia tena," alisema. "Si kwa sababu ya Binti wala Koti Refu. Yule, na makosa yake yote, alifungua mdomo wake akasema, 'Nilikosa, nakuhitaji.' Alisema yeye."

Asubuhi iliyofuata Redio alifika mapema kupita kawaida, akiwa ameapa kwamba leo hatagonga ukuta, atagonga mlango. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kitupu, sakafuni vipande vya uzi na kifungo kimoja cheupe. Ng'ambo ya barabara, mbele ya saluni, palisimama pikapu, cherehani imefungwa kamba nyuma. Redio alisimama dirishani mwa duka la mbele, kwenye kioo kilichojaa picha za makoti na mvua.

Yule wa ng'ambo alikuwa mtu wa kawaida tu, mfupi kidogo, shati limekunjamana. Alikuwa na haraka. Alimshika Fundi kifundo cha mkono kumvutia upande wa mlango wa gari. Fundi alisimama. Aliutazama ule mkono, kisha akamtazama mwenye mkono usoni, akasema jambo. Magari yalikuwa yakipita, na kioo kilikuwa kimefungwa. Redio hakusikia neno, na chini hapakuwa na maandishi ya kusoma. Aliona tu yule mwanamume akiachia, akiinamisha kichwa, midomo yake ikienda kidogo. Aliona Fundi akikisugua kifundo chake, akigeuka kuutazama mlango wa duka kwa kitambo, kisha akimnyooshea yule mtu kiganja, kwa hiari yake mwenyewe, na kupanda garini.